Zakayo Kipngeno arap Mosonik na Sanduku Lake la Gia

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Kimulot, jamaa mliofika kutoka Silibwet na Kericho, na ndugu yangu Kiplimo unayetufuata kwa simu kutoka Qatar, mimi ni Chemutai, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuyasoma maisha ya baba yetu, Zakayo Kipngeno arap Mosonik, ambaye leo Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025, tunamlaza karibu na mama. Kamati ilinipa kurasa mbili, zimekuwa nne, na jana baba mdogo Kipkirui, mwenyekiti wa kamati, aliniambia, "Chemutai, watu watakaa kwa jua, hayo mambo ya gia punguza," nami nimepunguza nilipoweza, palipobaki naomba mnivumilie.

Baba alizaliwa Silibwet, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mosonik na marehemu bibi yetu Tabutany. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1961, tarehe ambayo wengi wa rika lake wanayo, lakini kadi yake ya ubatizo inasema Agosti 1960, na bibi alikuwa akisema kwamba alimzaa wakati wimbi linavunwa, kwa hiyo familia imekubaliana na kadi na wimbi, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye msalaba. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza 1974, akaingia sekondari, akaacha katika kidato cha pili karo ilipokosekana, kisha mwaka 1978 akapelekwa na mjomba wake kwenye chuo cha ufundi huko Kericho, alikojifunza kukereza chuma na kuunganisha mitambo, na cheti chake, ambacho nimekishika kwa mikono yangu, kina tarehe 30 Novemba 1979.

Tarehe 2 Machi 1981 aliajiriwa kama msaidizi wa fundi katika kiwanda cha chai, akapanda hadi kuwa fundi wa zamu, akakaa huko miaka thelathini na mitano, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2016. Kazi yake ilikuwa kuangalia mitambo inayokausha na kusafirisha majani, na wenzake waliofika hapa wananiambia kwamba angeweza kusimama mlangoni, akasikiliza tu, akasema ni bering gani inayolia. Alihamia Kimulot mwaka 1988, akanunua ekari moja na nusu, akapanda chai, na tarehe 16 Desemba 1989 akafunga ndoa kanisani na mama yetu, Janeffer Chelangat, wakabarikiwa watoto wawili, Kiplimo aliyezaliwa 1992, nami niliyezaliwa 1999. Mama alifariki tarehe 14 Juni 2011. Baba hakuoa tena, na Kiplimo alipoondoka kwenda Qatar Februari 2017, nami nikaenda chuo kikuu Septemba 2018, alibaki katika nyumba ya vyumba vinne na ng'ombe mmoja na redio. Majirani wanasema aliendelea kuosha vikombe viwili kila asubuhi. Sikujua hilo mpaka wiki hii.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baba mdogo angependa nilipite haraka. Mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya mama kuzikwa, baba alinunua sokoni Bomet baiskeli kuukuu ya milimani, yenye matairi mapana, ya kumpeleka kiwandani na kumrudisha, kilomita kumi na moja kila upande. Baiskeli hizo, kwa wasiozijua, zina mkono mdogo wa chuma unaoning'inia karibu na gurudumu la nyuma, unaoisukuma cheni kutoka gia moja hadi nyingine, mafundi wanauita deraila, na mkono huo unataka usafi kama mtoto mchanga. Barabara zetu mnazifahamu, udongo mwekundu unaoshika kama unga wa ugali, vijiti vya chai, nyasi, na mawe yanayoruka. Katika miezi kumi na minne baba alivunja deraila nne, ameziandika zote katika daftari lake pamoja na tarehe na mahali, ya nne ikiwa kwenye mteremko wa mtoni tarehe 9 Mei 2013, siku aliyotembea kilomita saba huku ameibeba baiskeli begani. Chini ya tarehe hiyo ameandika, "Kitu kinachotaka usafi, kwa nini wamekitundika mahali pachafu kuliko pote?"

Kiwandani kulikuwa na sanduku la gia lililoendesha mkanda wa kupeleka majani, sanduku lililofungwa pande zote, gia zake zikizunguka ndani ya mafuta, nalo lilikuwa limefanya kazi miaka kumi na tisa bila kuguswa isipokuwa kubadilishwa mafuta. Baba aliamua kuipa baiskeli yake sanduku kama hilo. Kwanza alijaribu habu ya zamani, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, yenye gia tatu ndani yake, aliyoitoa kwenye baiskeli ya mwinjilisti mmoja, na matope kweli hayakuingia, lakini gia tatu hazikutosha kilima, na pini yake ndogo ilikatika alipopakia mtungi wa maziwa. Ndipo akaanza lile sanduku lenyewe, likae katikati ya baiskeli, pale pedeli zinapopita, akachukua gia tano kutoka kwenye pikipiki iliyopata ajali, akakereza upya shafti, mhimili unaobeba gia, akachomelea ganda kwa mabati mazito, akaweka oil sili, pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje, kila upande, na cheni ikabaki moja tu, iliyonyooka, isiyoruka kwenda popote. Alilimaliza Aprili 2018, likiwa na uzito wa kilo saba na gramu mia tatu.

Wa kwanza kuliendesha, na kwa kweli wa pekee mbali na baba mwenyewe, ni jirani yetu Mzee Onchiri, aliyekuja hapa kutoka Kisii mwaka 1998 kuchuma chai na sasa anabeba maziwa ya mtaa huu. Alipanda kilima kutoka mtoni hadi kituo cha kununulia majani, kilomita moja na mita mia sita, na lita arobaini za maziwa nyuma, na walioona wanasema gia zilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi hadi mbwa wakatoka. "Mzee, hii ni baiskeli ama ni posho mill?" Onchiri aliuliza, na baba, aliyekuwa akikimbia kando yake, akamjibu, "Posho mill haikatiki cheni, wewe kanyaga, wacha mdomo." Sanduku hilo lina tabia moja, halikubali kubadilisha gia mguu ukiwa unasukuma kwa nguvu, lazima mwendeshaji alegeze kidogo, kisha azungushe kishikio cha usukani kwa mkono wa kulia, ndipo gia iingie, kwa hiyo kilima chote kilisikia sauti ya baba, "Pumzisha mguu kwanza, Onchiri! Pumzisha mguu, ndio ubadilishe!"

Jambo linalofuata nalisema kwa sababu historia isiyo kamili si historia. Nilisomea uhandisi wa mitambo, na tarehe 28 Desemba 2021, nikiwa nyumbani kwa likizo, nilimwonyesha baba kwenye simu yangu kwamba huko Ujerumani masanduku ya gia ya baiskeli za milimani yanatengenezwa na kuuzwa, madogo, mepesi, yenye gia nyingi, na yalikuwepo kabla hajaanza lake. Nikaongeza, kwa sababu nilikuwa nimelisoma muhula huo, kwamba hata hayo hupoteza nguvu za mguu zaidi kuliko cheni iliyo safi na deraila mpya. Baba alitazama picha kwa muda mrefu, akanirudishia simu kwa mikono miwili, akasema ng'ombe anamngoja. Kesho yake baiskeli ilikuwa imefunikwa kwa gunia kwenye karakana. Nilirudi chuoni nikiamini kwamba kwa dakika kumi za ujuzi wangu nilikuwa nimeua kazi ya miaka mitano ya mtu aliyebaki peke yake.

Tangu siku hiyo nilimpigia simu kila Jumapili, niliposoma na nilipopata kazi Nairobi mwaka 2023, tukazungumza juu ya mvua, bonasi ya chai na ng'ombe, lakini juu ya sanduku yeye hakutaja na mimi sikuuliza. Niliogopa jibu. Miaka mitatu na miezi saba, kama simu mia moja na themanini.

Mwishoni mwa mwaka jana baba alianza kupata shida ya kumeza, na tarehe 11 Machi 2025 madaktari walituambia ni saratani ya umio. Alitibiwa kwa subira, nami nikachukua likizo bila malipo kuanzia tarehe 2 Juni ili niwe naye, lakini kufikia Julai sauti yake ilikuwa imekwisha, akawa anazungumza kwa mikono. Jumapili tarehe 20 Julai, kitandani hospitalini, alininyooshea mkono wa kulia, akaukunja ngumi, akauzungusha mbele na nyuma, mara tatu, akinitazama. Nilidhani dripu inamsumbua. Nilimwita muuguzi, muuguzi akaipunguza, baba akafumba macho, na hakuurudia mkono ule tena. Alifariki Alhamisi tarehe 24 Julai 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mimi na baba mdogo Kipkirui tukiwa kando yake.

Jumanne wiki hii niliingia karakanani kutafuta katika daftari lake tarehe ya kustaafu kwake, nisije nikaisoma vibaya mbele yenu. Niliinua gunia. Matairi yalikuwa na upepo, na matope yaliyokuwa juu yake yalikuwa bado hayajakauka ndani. Nilimwita Mzee Onchiri, akavua kofia, akaniambia, "Mwanangu, hii nabeba nayo maziwa kila siku tangu mwaka ule wa kilima, Mzee alinipa, jioni nairudisha hapa. Gunia ni la kuzuia kuku, wanalala hapo wanachafua kiti." Nikamuuliza kama baba alimwambia lolote siku ile nilipomwonyesha picha kwenye simu. Akasema baba alikwenda kwake jioni ileile, hakuketi, alisimama tu mlangoni akicheka peke yake, akasema, "Onchiri, kumbe tuko wawili! Kuna mtu Ujerumani amechoka na matope kama mimi."

Na katika daftari, kwenye ukurasa wa tarehe 28 Desemba 2021, juu ameandika "Kuuliza Chemutai", akapiga mstari chini yake, na kuanzia hapo hadi Februari mwaka huu kuna maswali tisa, kila moja na tarehe yake, na pembeni ya lile la kwanza ameandika, "Asisumbuliwe, ana mitihani," na pembeni ya la sita, "Asisumbuliwe, kazi ni mpya." Mimi nilikuwa nikinyamaza ili nisimwumize, na yeye alikuwa akinyamaza ili asinisumbue, kila mmoja upande wake wa simu.

Kwa hiyo, Baba, nimetumia siku hizi nne kukutafutia majibu, na nitayasoma, ni mafupi. Wanatumia mafuta gani, umeuliza: mafuta mepesi ya viwandani, nao wanayabadilisha mara moja kwa mwaka, kama wewe. Gia ngapi: hadi kumi na nane. Uzito: chini ya kilo tatu, Baba, hapo wamekushinda. Je, na wao wanapumzisha mguu: ndiyo, wenyewe wanawaeleza wateja kwamba ukisukuma kwa nguvu ulegeze kidogo kwanza. Kama kweli sanduku linapoteza nguvu zaidi kuliko cheni safi: ndiyo, ni kweli, na nimeona ulichoandika chini yake, "Cheni safi, ya Kimulot?", na hapo umenishinda. La sita na la saba ni ya oil sili na ya shafti, nitamsomea Mzee Onchiri karakanani, maana ni marefu. La nane, kama chumvi ya barabara zao wakati wa baridi ni mbaya kuliko matope yetu, sijui, bado natafuta. La tisa, la tarehe 9 Februari 2025, umeuliza, "Chemutai anapanda nini kwenda kazini?" Natembea kwa miguu, Baba. Dakika ishirini na tano. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kuanzia Machi, hasa yule muuguzi wa Jumapili, ambaye hakukosea chochote, aliyekosea ni mimi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliochimba kaburi hili na kulinyoosha kwa pima-maji, majirani waliomkamulia ng'ombe na kumchumia chai tangu Mei, kanisa, kamati, na Kiplimo aliyetuma nauli ya wote waliotoka mbali. Tunamshukuru kwa namna ya pekee Mzee Onchiri, kwa sababu katika nyumba ile ya vikombe viwili, sasa najua nani alikuwa akinywea kile cha pili. Baiskeli inabaki kwake. Mafuta yake yalikuwa yabadilishwe Septemba, nimeyabadilisha jana, na nimeandika tarehe katika daftari, chini ya mwandiko wa baba.

Baba, kilima umekipanda muda mrefu, na sehemu kubwa umekipanda bila mtu wa kukimbia kando yako. Mkono niliuona, ulikuwa ukibadilisha gia, nimechelewa tu kuuelewa. Pumzisha mguu sasa, Baba, na upumzike kwa amani.