Shokomzoba za Shemeji

Kahawa ilikuwa bado ya moto kwenye benchi la mbele ya gereji, lakini Nyundo, fundi wa magari, hakuigusa. Asubuhi hiyo alikuwa amelifungia lori la shemeji yake shokomzoba mpya za nyuma, za kulizuia lisidunde. Si zile za kiwandani, bali za kampuni nyingine, nene kuliko za zamani. Lori likapakia saruji, likaondoka kuelekea mlimani, shemeji mwenyewe akiliendesha. Ndipo alipokumbuka: mpira wa breki unapita jirani na shokomzoba ya kushoto, na hakuwa ameangalia kama vitagusana mzigo ukikandamiza springi. Alimpigia shemeji, simu haikupatikana; akawaeleza wenzake wa benchini.

— Punguza presha, alisema Redio, fundi wa redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Shokomzoba ngeni zitaliponya lori zima.

— Thubutu! alidakia Hakimu, mshona nguo. Gari hukataa chuma kigeni. Binamu yangu alifunga za namna hiyo, lori likawa linaruka kama chura, mpaka likavuka mto bila daraja.

— Na dereva je? aliuliza Redio.

— Si alikuwa ndani! Hadi leo ukimpa kiti anadunda.

Wakacheka. Nyundo akapiga simu tena.

— Usijali, Redio akamliwaza. Bandu bandu huisha gogo. Atafika tu.

Hapo akatokea dada yake Nyundo, mke wa dereva, mtoto mgongoni. Aliwasikiliza kidogo, kisha akamgeukia kaka yake.

— Kaka, kwani wewe ungepanda hilo lori?

Hakimu akachungulia kikombe chake. Nyundo akainuka, akadandia pikipiki ya gereji, hata kuaga hakuaga.

Alilikuta lori limeegeshwa kileleni, pua imeelekea mteremkoni. Shemeji alikuwa kando ya barabara, ananawa uso. Nyundo akajitupa chini ya lori, akaupapasa mpira wa breki. Ulikuwa umechubuka hadi nyuzi za ndani. Kidole kikarudi na tone la mafuta ya breki.

— Shemeji, kulikoni? Umenifuata kuniaga?

Nyundo alibaki amelala vumbini, ameung'ang'ania ule mpira kwa mikono miwili.