Mzee Apolinary na Darubini Aliyoichomelea

Nisameheni kwanza kwa doa la uji. Mwanangu Hana sasa hivi amepanda mapajani mwangu, akachovya mkono kwenye kikombe chake, akaupiga muhuri hapa pembeni, na karatasi nyingine sina. Tuendelee hivyo hivyo.

Ndugu Apolinary Masatu, fundi wetu, ameitumikia Kambi ya Vijana hapa Butiama kwa miaka ishirini na minne, tangu mwaka 1971, na leo, tarehe 30 Juni 1995, anastaafu. Nimeambiwa niandike kwamba anastaafu. Umri wake haujafika. Bodi imeikodisha kambi kwa kampuni inayopeleka watalii Serengeti, na kampuni ina mafundi wake. Sisi wa jikoni tunafuata mwezi wa tisa. Wenzangu wamenichagua niandike mimi kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, elimu yangu ni hiyo hiyo ya darasa la saba.

Mzee alianza kwa kupasua kuni. Baadaye akajifunza kuchomelea vyuma kwenye gereji moja ya Bunda, akarudi akiwa fundi. Milango yote hapa ni kazi ya mkono wake, na vitanda vya vijana ni kazi yake pia. Kelele za vitanda hivyo usiku nazo ni zake, na mwenyewe hakuwahi kukana. Alikuwa anasemaga kitanda kisichopiga kelele hakijulishi mlinzi nani ametoroka.

Kubwa kuliko yote ni darubini. Mwaka 1984 rafiki wa kambi kutoka ng'ambo alileta picha za darubini mbili, tuchague moja, vijana wafundishwe nyota. Haya nimesimuliwa na Mwalimu Boniphace, aliyekuwa anakuja kutoka Musoma kufundisha. Moja ilikuwa fupi, nene, inageuka yenyewe kwa betri. Nyingine ilikuwa ndefu kama bomba la bati, inageuzwa kwa mkono. Kamati yote ilitaka ile ya kujigeuza, maana katika Mara nzima nani alikuwa nayo? Mzee alikuwa ameitwa tu aseme itasimama wapi, lakini akadakia kwamba ndefu inaona mbali zaidi, hilo linajulikana. Mwalimu akamwambia kuona si urefu. Wakabishana mpaka chai ikapoa, chai yenyewe kavu, sukari ilikuwa haionekani. Mwisho mtu mmoja akauliza betri zitatoka wapi, wakati hata za redio zinapitishwa kwa magendo mpakani Sirari. Ikachaguliwa ndefu. Mpaka leo Mzee anasema ilishinda kwa urefu wake.

Nguzo aliijenga yeye. Alitafuta kipande cha bomba la kisima, akakisimamisha juu ya kilima, akakijaza zege. Mfuko wa simenti aliufuata Bunda kwa baiskeli. Darubini ikafungwa juu kwa nati. Sasa, wiki hiyo hiyo wezi walikuwa wameng'oa pampu ya maji ya kambi. Wakubwa mnaikumbuka miaka ile, kila kitu kilikuwa kinaibiwa, hata mifuniko ya matangi, na kila fundi alikuwa anachomelea kila kitu. Mzee akaazima mashine na jenereta Bunda, akachomelea kila nati aliyoiona, na ile ya shingoni ikiwemo, ambayo kazi yake ni kugeuza darubini kushoto na kulia.

Mwalimu Boniphace alipofika jioni na vijana wake akakuta darubini inapanda na kushuka tu. Kugeuka, hapana. Wanasema alikaa chini kwenye majani akashika kichwa. Mzee akamwuliza kuna tatizo gani, mwizi hawezi. Mwalimu akasema kweli, mwizi hawezi, na sisi pia hatuwezi, tutaionaje nyota iliyo kule? Mzee akatazama kule, akatazama bomba lake.

"Watu wote nchi hii wanapanga foleni," akasema. "Nyota nazo zipange."

Na zikapanga. Zilikuwa zinapanda upande wa Serengeti, zinakuja taratibu, zinapita mbele ya darubini moja moja, kisha zinakwenda kushukia ziwani. Vijana walikuwa wanalala chali wakingoja, mmoja yuko kwenye kioo, anapiga kelele imefika. Mimi mwenyewe nilikuja na vijana wa kigango chetu mwaka 1986, nyota yenye mkia ilipotokea, nikaiona ikipita. Nilikuwa msichana wa kuchota maji na kulea wadogo zangu, hakuna aliyewahi kuniambia ningoje kitu kizuri na kitakuja. Hapo niliambiwa, na kikaja.

Sasa bodi inaitaka darubini. Inapelekwa Musoma mjini, mtaa wa Mukendo, kwenye mapokezi ya ofisi yao, wageni waione. Itakuwa inaangalia dari. Mzee aliwaomba waiache kwa shule ya msingi ya hapo chini, nguzo atajenga bure. Wakamjibu shule haina ulinzi. Miaka kumi na moja haijaibiwa, anakuja kuichukua mwenye nayo.

Kisha wakampa kazi ya mwisho: aikate itoke kwenye nguzo. Akamwambia katibu wa bodi, "Mimi niliunga. Kukata, tafuta mwingine."

Asubuhi hii gari limekuja na vijana wawili na msumeno wa chuma. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni akiwa amevaa suti yake ya sherehe, amewapa mgongo. Msumeno ulipowachosha wakachukua nyundo. Nilimwona mabega yake yanaruka kila nyundo inapolia. Hakumaliza chai. Aliinuka, akavua koti akanipa mimi, akaenda kuwanyang'anya.

Kijana mmoja akamcheka. "Mzee, si ulikataa?"

"Nilikataa kukata. Kuvunja nani amekubali? Leta hapo."

Ndiyo anakata. Koti lake liko hapa kwenye kiti changu, na msumeno nausikia, unakwenda pole pole, kama mtu anayepasua jipu la mtoto wake. Sherehe itaanza akimaliza. Wenye bodi wamekaa kivulini na soda, wanaangalia saa.

Baba, wewe utasomewa haya mbele yao na mimi sifuti neno. Tunakushukuru kwa milango, kwa vitanda, kwa matusi uliyokuwa unatutukanaga tukiacha bomba wazi. Nenda nyumbani Manyamanyama kwa mkeo, mama Eufrasia. Kioo kikifika Mukendo kizima ni kwa sababu yako, na kitu kizima kinaweza kuombwa tena, nami nitakiomba kwa ajili ya ile shule, nitakwenda ofisini kwao na mtoto mgongoni mpaka wanichoke. Hana wangu ana miaka miwili. Nataka na yeye alale chali hapo kilimani, angoje, aone. Kwa hiyo wafanyakazi wenzako wote tunakuombea afya, na ng'ombe wako wazae, na tunakutakia huko uendako uwe na, haya, unaniita, nakusikia, Mama Hana njoo ushike shingo imebaki kidogo, nakuja baba, usiiachie, tunakutakia uwe na