Dalali Aliyeuza Nyumba Yake

Basi lilipotoka mtaa wa Najma, Doha, nesi Jeptoo alimweleza Wanjohi, Mkenya mwenzake aliyeketi kando yake, kwamba benki imekubali nyumba yake ya Kitengela iuzwe kwa bei isiyofikia deni. "Sasa dalali nitamlipa na nini?"

Wanjohi, aliyekuwa dalali Nairobi kabla ya kuwa askari wa lango hapa Doha, alikohoa kidogo. "Hulipi wewe, dada. Benki humtolea kamisheni kwenye hiyo bei ya nyumba, na ikitaka humpunguzia."

"Wewe walikupunguzia?"

"Mimi sikupata kitu. Nyumba yenyewe ilikuwa yangu, benki ikasema mdaiwa halipwi kamisheni kwa kuuza nyumba yake mwenyewe. Na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu kukopa."

Jeptoo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamuuliza kama kweli auze. Basi likasimama, na Wanjohi, ambaye hakuwahi kuishiwa ushauri, akasema amechelewa zamu, akashuka.