Mfupa Ulionidunga Kidole

Mnaona hiki kidole? Wale mmekaa kule nyuma, nyanyukeni kidogo muone. Kinakunjika, kinanyooka. Akina mama, ushuhuda wangu nimeubeba hapa mkononi, kwa hivyo acheni nimsifu Mungu mapema, kabla sijaanza kulia.

Wengi wenu mnanijua, kazi yangu ni kukata nyama huko Kikopey, kwa vibanda vya nyama choma. Wanawake wengi pale wako upande wa ugali na kachumbari. Mimi nashika shoka. Sasa siku moja wateja wamejaa, niko mbioni na mbavu za mbuzi, kipande cha mfupa kikanidunga hapa, kidole kinapoanzia. Kitu kidogo kama mwiba. Nikaosha, nikaendelea. Nani kati yetu huenda hospitali kwa sababu ya mwiba?

Kikavimba. Dada mmoja tunayefanya naye kazi, mtu ananipenda kabisa, akaniambia, "Usihangaike, dawa iko." Akatoa kwa mkoba kapsuli ya rangi mbili, ile alikuwa amebakisha wakati kifua kilimsumbua. Akaifungua, akamwaga unga juu ya kidonda, akanifunga na kitambaa. Mnacheka? Mnacheka kwa sababu hata nyinyi mmewahi kufanya hivyo! Kidonda kilipokataa kupoa nikanunua zingine kwa duka, nikawa nameza nikikumbuka.

Ndugu zangu, nawaambia, maumivu yale usimwombee adui. Kiganja kizima kiliwaka moto. Shoka silishiki, hata nywele za msichana wangu nikashindwa kusuka. Halafu Jumapili moja tumetoka kanisani, jua kali, na mimi natetemeka ndani ya sweta. Mume wangu akanivua lile sweta. Mstari mwekundu ulikuwa umetoka kiganjani unapanda mkono kuelekea kwapa. Alitoka mbio kumwomba jirani gari.

Tukiwa njiani kwenda Nakuru nikamuuliza, "Na wakiukata huu mkono?"

"Kwanza tufike," akasema. Na yeye ni mtu wa maneno mengi, mnamjua. Hapo ndipo niliogopa.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole. Akaniuliza nimetumia dawa gani, na kama kuna dawa huwa inaniwasha ama kunifurisha mwili. Kisha akapasua pale pamevimba. Nilipiga nduru hiyo, nafikiri hata watu wa kule Njoro walinisikia! Usaha ukatoka, kidogo daktari akatia kwa kichupa upelekwe maabara. Nikalazwa, nikawekwa antibayotiki ya kupitia mshipa.

Lakini homa haikushuka. Nililala pale nikiangalia vidole vyangu, nikijiuliza nitabaki na vingapi. Niliomba maombi ambayo siwezi kuyarudia hapa mbele yenu.

Basi majibu ya maabara yakaja. Daktari akaketi kando ya kitanda. "Mama, bakteria walio kwa mkono wako, zile kapsuli ulikuwa unameza haziwawezi. Na hii tulikuanzishia pia wanaivumilia. Lakini tumepata inayowaua. Tunabadilisha sasa hivi."

"Na ule unga?" nikamuuliza.

Akatabasamu. "Unga ulikaa juu. Wao walikuwa ndani."

Walibadilisha dawa. Asubuhi moja baada ya hapo nikaamka nasikia njaa. Njaa, akina mama! Nikaitisha chai na mandazi kwa sauti, wodi yote ikageuka. Mume wangu akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo. Nilijua anapanguza macho, nikamwacha.

Nikarudishwa nyumbani na tembe za kumalizia. Mkono umenywea, hauumi, na mimi naendelea kumeza kwa saa zake kama nilivyoagizwa. Shemeji yangu akapita kunisalimia.

"Shemeji, si wewe umeshapona? Nigawie hizo zimebaki, mafua imenimaliza."

"Mafua ni virusi. Hii dawa inaua bakteria, virusi haivigusi. Kunywa uji moto, upumzike."

"Kumbe siku hizi umekuwa daktari?"

"Nimekuwa mgonjwa," nikamwambia. Alikunywa uji, na mafua ikaisha yenyewe.

Sasa nishukuru. Mume wangu, asante, na usiinamishe kichwa. Yule daktari na wauguzi, Mungu awakumbuke popote walipo. Nyinyi mlionifulia nguo na kunilishia watoto, sijui nitawalipa nini. Na yule dada wa unga, najua uko hapa ndani na unataka kujificha. Ulikuja kuniona wodini zaidi ya ndugu zangu wa damu. Ulinipa ulichokuwa nacho. Nakupenda.

Ninachowaomba ni hiki. Kidonda kikivimba, nenda mapema. Mwache daktari akuchagulie dawa, uimeze vile amekuambia, usiwekee mtu baki kwa mkoba. Antibayotiki ni kitu kizuri, mimi imenirudishia mkono. Lakini inataka kulenga wale bakteria inaowaweza.

Nimeongea mpaka harufu ya nyama choma imeanza kuwatoa macho kwangu, nawaona. Mbuzi aliye jikoni nimemkata mimi mwenyewe leo asubuhi, peke yangu. Twendeni tule.