Bibi Fundi na Habari Aliyonyimwa

Ndugu, jamaa, majirani na wateja mliokuja kumsindikiza: marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa pili wa fundi mwashi na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli.

Alianza shule mwaka 1954 na kuiacha akiwa darasa la nne, mama yake alipougua na wadogo zake wakakosa wa kuwatazama. Lakini hesabu hazikumtoka. Tangu aliponunua cherehani yake ya kwanza mwaka 1969, hakuwahi kuwa na daftari la vipimo. Mabega, kifua, kiuno na urefu wa mkono wa kila mteja alivibeba kichwani. Mtu akijitetea kwamba amenenepa kidogo, alimtazama juu ya miwani: "Hicho kidogo unakiona wewe tu, mwanangu. Njoo nikupime."

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1966 na fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, aliyefariki mwaka 1991. Walijaliwa mabinti wawili, na mwaka 1975 kitinda mimba wa kiume. Huyu alibaki na jina la Kifungo kwa sababu akiwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti la mteja. Koti lilichelewa siku mbili, na mwenye koti hakuelezwa kifungo kilipitia wapi.

Mjukuu wake wa kwanza, anayesoma maneno haya, aliletwa kwa Bibi akiwa na miaka minne, baba yake alipofariki na mama yake akaingia kazi ya zamu kiwandani. Wengine watano walifuata. Bibi alikula wao wakishashiba, tena mara nyingi akiwa amesimama. Sketi ya shule ya mjukuu huyu ilikuwa na pindo la shubiri nzima, lililofunguliwa kidogo kila mwaka, na ile ya darasa la kwanza akamaliza nayo darasa la nne. Wakati ule aliionea haya.

Mei mwaka jana moyo wa Bibi ulianza kuchoka. Daktari alionya asipewe habari ya kushtua. Tarehe 9 Juni, Kifungo, dereva wa lori na kapera aliyejivunia ukapera wake, alipinduka na lori lake mteremkoni akafa palepale. Mabinti na mjukuu walijifungia jikoni. Mjukuu ndiye aliyesema, "Tusimwambie. Atatufia mikononi." Wakakubaliana. Kifungo akazikwa kulekule alikofia, mbali na mama yake, ili siri ikae. Majirani waliombwa wanyamaze, wakanyamaza. Walipojiandaa kwenda mazishini, Bibi aliambiwa wanakwenda harusi ya mtu wa kazini. Aliwapigia pasi magauni yao, akawatania, "Mbona mmepooza hivyo? Bwana harusi ni kikongwe?"

Kwa miezi mitano aliambiwa mwanawe yuko safari ndefu na simu haishiki. Mwezi Novemba alitaka kumshonea shati, akaomba vipimo vipya, maana huenda amekonda na njia. Mjukuu akampima mumewe, akapeleka namba hizo. Mtu aliyekulia miguuni pa ile cherehani alipaswa kujua anamdanganya nani.

Bibi alizisikiliza zote.

"Mtu hukonda tumbo," alisema. "Mabega hayapungui inchi mbili."

"Labda nimekosea, Bibi."

"Labda."

Akakunja kitambaa, akakirudisha kabatini. Tangu siku hiyo hakumtaja tena mwanawe, wala hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alikaa na msiba wake peke yake chumbani, huku nyumba nzima ikimchekea na kumpa dawa. Mjukuu alikuwa na wiki kumi na moja za kubisha ule mlango na kusema kweli. Aliogopa. Hakubisha.

Bibi alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minane. Ameacha mabinti wawili, wajukuu sita na vitukuu watatu.

Familia haikuwahi kumpa taarifa ya msiba wake. Inampa sasa, mbele yenu nyote, ingawa imechelewa.

Bibi, mwanao Kifungo alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nane mchana. Tulimzika Jumanne iliyofuata, na wewe ulistahili kuwapo. Pole sana, Bibi. Tulipaswa kulia pamoja nawe.

Pumzikeni kwa amani, wewe na mwanao.