Beki Asiyejua Kukaa: Torsti Hakoniemi Anastaafu

Baada ya misimu ishirini na miwili na mechi elfu moja mia moja na nne, Torsti Hakoniemi, beki na kapteni wa timu yetu ya hoki ya barafu, anastaafu rasmi tarehe 30 Aprili, mkesha wa Mei Mosi, katika ukumbi wetu wa barafu hapa Kivisalmi. Sherehe itaanza saa nane mchana. Kahawa ipo, maandazi ya sukari yapo, na tafadhali mtu asihangaike kumtafutia mstaafu kiti. Hatakikalia.

Naandika mimi, Helvi Ojanaho, mnoaji wa viatu vya barafu wa klabu kwa miaka ishirini na sita. Wachezaji wananiita Bibi tangu nikiwa na miaka thelathini na sita, na hakuna aliyewahi kuniomba radhi. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya mashine, na kila baada ya sentensi mbili natoka kwenda kuangalia jambo lisilohitaji kuangaliwa. Huenda kutotulia ni ugonjwa wa kuambukiza, nami nimeupata kwake.

Torsti alitoka shamba la ng'ombe ng'ambo ya ziwa akiwa na miaka kumi na tisa. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya majirani zetu wa Hirvisuo. Ukumbi ulifurika, majina yakatangazwa, na yeye akachomoka mbele ya wenzake wote kwa haraka ile ile tuliyokuja kuizoea, bila kuvua vile vifuniko vya plastiki vinavyokinga makali ya viatu. Watu elfu nne walimwona akipiga mweleka na kuteleza kwa mgongo hadi katikati ya uwanja, gongo lake likishika njia yake. Mzee mmoja jukwaani akapaza sauti: "Mpelekeeni na mto!" Torsti akaketi pale pale kwenye barafu, akavua vifuniko, akamrushia yule mzee kimoja kimoja. Kisha akacheza dakika ishirini na tatu, na Hirvisuo hawakufunga hata goli moja.

Tangu hapo amekuwa kiguu na njia. Kwenye basi la timu husimama kutoka hapa mpaka Rovaniemi, mwendo wa saa sita, akimsimulia dereva barabara ambayo dereva anaiona mwenyewe. Kwenye sauna, mahali ambapo hata mbunge hunyamaza, yeye hupanda na kushuka benchi akimwagia mawe maji mpaka wenzake wanakimbilia kwenye theluji. Alipokuwa na miaka ishirini na saba, klabu moja ya Uswisi ilimsajili kwa misimu miwili. Alirudi baada ya wiki kumi na moja. Tulipomuuliza kulikoni, alijibu, "Wale watu wanakaa mezani muda wa saa mbili kwa chakula cha mchana tu." Hatukuhitaji maelezo zaidi.

Sasa niungame jambo. Kila mchezaji ana kina chake cha makali: wapo wanaotaka viatu vikamate barafu, wapo wanaotaka viteleze. Torsti alijua anachotaka, lakini kila mapumziko alikuja na shitaka jipya. "Bibi, cha kushoto kinanivuta." "Bibi, cha kulia kinanikimbia." Viatu havikuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo nilikuwa nawasha mashine, nakisogeza kiatu karibu na jiwe bila kukigusisha, nahesabu hadi ishirini, halafu namrudishia. "Ehee, sasa hapo!" anasema, na anakwenda zake ameridhika. Nilifanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Pole, Torsti.

Ametuletea medali mbili za fedha na tatu za shaba. Dhahabu hatukuigusa, na anayetaka kutucheka aje ukumbini, tuongee. Alifunga magoli sitini na moja, ukiacha lile alilotufunga sisi wenyewe, ambalo mjini kwetu halitajwi. Lakini tunalomkumbukia zaidi ni ule mwaka tuliokaribia kushuka daraja. Katika mechi ya saba na ya mwisho ya kupigania kubaki, dakika ya pili tu, alizuia shuti kwa mguu na mfupa ukapasuka. Akacheza hadi filimbi ya mwisho, tukabaki ligi kuu. Mguu ulivimba hata nikalazimika kuchana kiatu kwa kisu ili utoke. Nilijua tangu mapumziko ya kwanza, na sikumwambia mtu.

Hiyo ndiyo sheria ya chumba changu, nayo ni ya zamani kuliko mimi: kinachosemwa mbele ya jiwe la kunolea hakivuki mlango. Nimeficha vidole, mbavu, homa, na meno yaliyokuja mfukoni. Nilijivunia. Nilimfichia pia Aimo Vesterbacka, kipa wetu wa zamani, aliyegongwa kichwa mara tatu katika msimu mmoja na kuniambia mimi peke yangu. Leo Aimo ana miaka hamsini na miwili, na mwezi Juni, usiku wa huku kaskazini usipoingia giza, hujifungia ndani nyuma ya mapazia mawili kwa sababu mwanga unamuumiza. Nikimpelekea mkate wa iliki ananishukuru, na baada ya robo saa ananishukuru upya, akidhani ndiyo kwanza nimeingia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema anayemfichia mwenzake hupatwa na nini, lakini mimi najua.

Basi Februari mwaka huu, tukicheza nyumbani, Torsti alibanwa ukutani na kichwa chake kikagonga kioo. Aliinuka akicheka. Dakika nne baadaye akafunga goli, ukumbi ukalipuka. Mapumziko yakafika, akaja na viatu, nikavinoa, akaondoka. Sikumaliza kufuta mikono, akarudi na viatu vile vile.

"Bibi, fanya haraka. Sijavileta tangu asubuhi."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka.

"Torsti, goli letu kafunga nani?"

"Aa, si mmoja wa hawa vijana."

"Yupi?"

Akaenda mlangoni, akarudi. Kisha akakaa. Kwa miaka ishirini na miwili sikuwa nimewahi kumwona mtu huyu akikaa chumbani mwangu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli.

"Usimwambie daktari," akasema. "Mchujo wa ubingwa unaanza baada ya wiki nne. Mwaka huu dhahabu ni yetu, Bibi. Nina miaka arobaini na mmoja, sitapata mwaka mwingine. Nyamaza kama ulivyonyamazia mguu."

Nilimwambia aende akanywe maji. Alipotoka nikafungia viatu vyake ndani, nikatia ufunguo mfukoni, nikapanda kwa daktari wa timu. Nikiwa ngazini nilimsikia akigonga mlango kwa ngumi. "Fungua, Bibi! Timu inanisubiri!" Sikugeuka. Nilitamani kugeuka, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Torsti hakurudi uwanjani, siku ile wala nyingine. Madaktari bingwa wa vichwa kule Helsinki walimpima mara mbili na kumwambia kwamba pigo moja zaidi linaweza kummaliza. Timu ikatolewa nusu fainali. Chumba cha kubadilishia nguo kikaninunia. Wachezaji walileta viatu, wakaviacha mezani, wakaondoka bila hata "hujambo". Torsti mwenyewe alinipa kisogo kwa wiki saba. Akiniona kwenye korido ya kusini, anapita ya kaskazini. Mkewe, Saimi, alinipigia simu mwezi Machi akasema mumewe amefagia theluji ya majirani sita, sasa anawalaumu kwa kukosa theluji zaidi. Tulicheka.

Ofisi iliwatangazia waandishi wa habari kwamba kapteni anastaafu kwa sababu ya goti. Ndivyo ilivyozoeleka: goti ni jeraha la heshima. Nami nilipopewa kazi hii niliandika goti, nikaona bora nisimchokoze.

Jumanne iliyopita mlango ukafunguliwa bila hodi. Torsti akaingia, akaanza kuzunguka chumba, akigusa jiwe, makali ya viatu, birika la kahawa. Akaiona karatasi juu ya mashine, akaisoma huku akitembea.

"Goti lipi hili?"

"La kulia," nikasema. "Ofisi imesema la kulia."

"Goti langu la kulia ni zima kuliko la kocha."

"Sasa ulitaka niandikeje? Watu wote watasoma."

Akasimama. "Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu kuogelea. Nilimwacha bwawani, nikarudi nyumbani, nikaanza kumenya viazi. Saimi ndiye aliyeuliza mtoto yuko wapi." Akaiweka karatasi chini, akainyoosha kwa kiganja. "Mle chumba cha wachezaji wapo vijana wawili wanaoficha kama nilivyoficha mimi. Nawajua, najua jinsi wanavyocheka wakiinuka. Futa goti, Bibi. Andika kichwa. Na uandike kwamba wewe ndiye uliyesema, na kwamba nilikuwa mjinga kukukasirikia."

Nimeandika. Binti yake hajambo. Mwalimu wa kuogelea alimpa chokoleti, wakamngoja baba pamoja. Na ninyi vijana wawili, ambao nami nawajua, mlango wangu uko wazi, ila ile sheria ya zamani nimeifuta. Mkiniambia kichwa, nitapanda zile ngazi.

Torsti, kwa niaba ya klabu na mji mzima, ahsante kwa misimu ishirini na miwili ya kusimama mbele ya kila shuti. Ahsante, Saimi, kwa kutuazima mumeo. Dhahabu uliyoikosa, kapteni, nafahamu nani aliizuia, na ningeizuia tena kesho asubuhi. Tunakutakia miaka mingi, Torsti, na kila siku yake uikumbuke.