Aliyeleta Nyama Aonje Kwanza

Baba zangu na mama zangu, vijana wenzangu, amani iwe kwenu. Nimepewa nafasi hii hapa kanisani nishukuru kwa uhai wangu, nami nitashukuru. Lakini nisiwadanganye: sikusimama hapa na moyo laini. Mtu ambaye habari hii inamhusu simtaji jina. Anajijua.

Bibi yangu alipofariki kule Lufingo, nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kwenda chuo. Mnajua misiba yetu: watu wengi, ndizi nyingi, na nyama haikosekani. Tena mnajua kwamba anayeleta kitoweo msibani hahojiwi. Basi akaja jirani mmoja, ambaye tangu utotoni tulimwita mjomba, amebeba paja la nyati lililokaushwa kwa moshi. Alisema amelipata kwa wawindaji wenye kibali. Baba alilipokea kwa mikono miwili.

Mzee mmoja akatania, "Mjomba, huyu nyati alichinjwa, au alijinyonga?"

Watu walicheka. Mama mmoja akamkaripia: "We! Mtu analeta rambirambi, wewe unamhoji kama polisi?"

Ndugu zangu, lile ndilo lilikuwa swali pekee la maana lililoulizwa siku ile, na tulilizima kwa kicheko.

Kaka yangu ndiye aliyeikatakata ile nyama. Mkononi alikuwa na mchubuko aliopata shambani. Mchubuko ule uligeuka kidonda cheusi kisichouma, mkono ukavimba, homa ikampanda. Mimi niliyeionja jikoni kabla haijaiva nilitapika, nikaharisha damu, nikabebwa hospitali sijitambui. Kaka alizikwa nikiwa kitandani. Sikumtupia hata konzi moja ya udongo.

Daktari alisema ni kimeta, ugonjwa wa wanyama unaoambukiza watu. Baba alipomfuata mjomba, alijibiwa hivi: "Nyama ya porini haina ugonjwa, shemeji. Mnyama wa porini anakula dawa kila siku, majani yote yale! Mwanao amerogwa. Tafuteni mchawi ndani ya ukoo wenu." Na wapo waliomwamini. Tukaanza kutazamana vibaya, ndugu kwa ndugu, ilhali nyama yenyewe ilikuwa imekwisha na hapakuwa na cha kupima.

Nikiwa nimelala pale wodini nilikumbuka jambo moja. Siku ya msiba mjomba hakula. Alisema meno yanamsumbua.

Nawaambia ukweli: wengine hupona kwa matumaini, mimi nilipona kwa hasira. Niliingia chuoni kusomea afya ya mifugo na ukaguzi wa nyama, na kila somo nililisoma nikiiona sura yake. Nilijifunza kwamba mnyama aliyekufa kwa kimeta huvimba upesi, hakakamai kama mizoga mingine, na hutokwa na damu nyeusi isiyoganda puani na nyuma. Hachunwi wala hapasuliwi. Nikajifunza pia kwa nini nyama ile ililetwa imekaushwa. Moshi hauviui vimelea vya kimeta. Unaficha harufu na rangi tu. Mbele ya paja lililokauka kwa moshi, hata mkaguzi hana hakika kwa macho peke yake. Lazima aulize mnyama alikufaje, nani alimchinja, na nani alimkagua.

Nilipohitimu nilirudi nyumbani. Haukupita muda mrefu, kukawa na msiba Nkunga, nami nikaenda. Nani namkuta amekaa katikati ya wazee? Mjomba. Na jikoni, paja la nyama ya moshi, vipande vya kwanza vikiwa tayari sufuriani.

Niliomba kisu. Nilipolipasua hadi karibu na mfupa, ambako moshi haukufika, mishipa ilikuwa imejaa damu nyeusi. Mnyama aliyechinjwa hutoa damu. Yule hakuwa ametoa. Niliwaambia akina mama waweke chini miiko, mtu asionje hata chumvi. Kisha nikapakua pande moja kutoka sufuriani, nikaweka na ndizi, nikatoka nje, nikapiga magoti mbele yake kama binti aliyefunzwa adabu.

"Mjomba, karibu. Wewe uliyeleta, onja kwanza."

"Aa, mwanangu, wape wageni. Mimi meno yananisumbua."

Mzee aliyekaa kando yake akashangaa: "Meno? Si jana tu tumetafuna wote mahindi ya kuchoma!"

Watu wakacheka. Mjomba akanigeukia kwa ukali. "Msomi wewe, chuoni ndiko walikokufundisha kuwaaibisha wakubwa?"

"Walinifundisha kuuliza, mjomba. Huyu mnyama alikufaje?"

Sahani ilikuwa mikononi mwangu, mbele ya uso wake. Wapendwa, katika nyumba hii sitasema uongo: nilitamani ale. Nilitamani anyooshe mkono, nami nisimzuie.

Hakuunyoosha. Aliitazama ile nyama kama mtu anavyomtazama nyoka, akasogeza kiti nyuma. Hapo ndipo sote tulipojua. Si kwamba hakuwa na elimu. Alijua tangu paja la kwanza. Alijua wakati kaka yangu anashika panga.

Nyama ile ilifukiwa shimo refu mbele ya afisa mifugo, walioishika wakapelekwa kituo cha afya wakapewa dawa, wala hakuzikwa mtu. Yeye alifikishwa mahakamani kwa nyara za serikali, yaani nyama ya porini aliyokutwa nayo bila kibali, akatumikia kifungo, akatoka. Kwa kifo cha kaka yangu hakushtakiwa.

Nawashukuru wauguzi walionigeuza kitandani nilipokuwa siwezi kujigeuza. Nawashukuru akina mama wa Nkunga walioacha miiko kwa neno la binti mdogo. Ndaga fijo, asanteni sana. Namshukuru pia yule mzee aliyetania msibani kwetu. Mzee wangu, lile swali lako ndilo ninalozunguka nalo vijijini sasa. Nunueni nyamapori kwenye bucha lenye kibali na muhuri wa mkaguzi. Na anayeleta nyama msibani aseme mnyama alikufaje, kisha aonje kwanza, mbele ya watu. Kuonja hakupimi nyama, hiyo ni kazi ya mkaguzi. Kunampima aliyeileta.

Mchungaji ameniuliza kama nimesamehe. Bado. Ila nimeanza kumwombea yule mtu. Namwombea maisha marefu na mwaliko katika kila msiba wa Rungwe, na kila sahani ya nyama itakapopita, ianzie kwake.